Mhakiki na Mzimu Mlafi

"Mzimu gani anayekula sahani mbili na kuomba ya tatu?" Mhakiki alifoka ngazini, gazeti la Jumapili kwapani. "Nimeandika nilichokiona!"

"Umeandika ulichokiota!" Mama Mwandishi alimrudishia, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko.

Jengo letu halina siri. Mtu akipiga chafya ghorofa ya tatu, sisi wa chini tunampa pole. Basi milango yote ilikuwa wazi, nami nilishajichukulia kigoda changu na kikombe cha chai.

Ugomvi ulihusu kitabu. Binti wa mama huyu ameandika riwaya ya vijana: msichana na mvulana wanapendana, na mmoja wao ni mzimu. Madukani bado. Wahakiki wachache wamepelekewa nakala za mwanzo, na mchapishaji kamwambia binti waziwazi kwamba wakiiponda, kitabu cha pili asahau. Cha pili keshakifikisha katikati. Na mhakiki wa kwanza kuandika gazetini ndiye huyu jirani yetu, mtu anayejipulizia manukato hata akienda kutupa taka.

"Hebu tusomee tena pale!" mtu alichochea kutoka juu.

Naye Mhakiki, bila aibu, akakohoa kama anayehutubia bunge. "'Mvulana mzimu ni mlafi wa kutisha. Msichana naye anapika sura nzima bila kuonja hata tonge. Mwandishi amesahau kwamba walio hai hula. Uzembe mtupu.'"

Binti alijitokeza mlangoni. "Ndiyo maana msichana hali chakula, mzee," alisema. "Mzimu ni yeye."

Vichwa vyote vilimgeukia Mhakiki.

"Hilo halimo kitabuni," Mhakiki alisema.

"Limo." Mkewe alikuwa anashuka nyuma yake, nakala mkono huu, kisu cha mboga mkono ule. "Sura ya saba. Kiwandani hawakukata kingo vizuri, kurasa zikabaki zimeshikana. Nimezitenganisha mimi asubuhi hii, baba watoto. Gazeti lako lilishatoka."

Lo! Jengo lilipasuka kwa kicheko.

"Kumbe bingwa wa majalada!"

"Anasoma kwa kunusa!"

Mhakiki alizigusa zile kingo zenye nyuzinyuzi. "Kwa uzoefu wangu, sura za katikati huwa..."

"Huwa zinasomwa," mkewe alimkata.

Binti pekee hakucheka. "Mchapishaji anaamua Ijumaa, mzee. Kuniponda ni haki yako. Ila ponda ulichosoma."

Neno lilimtoka Mhakiki kama jino linalong'olewa. "Nitaandika kwamba niliruka. Lakini nikisoma nikaona kibaya, nitasema kibaya."

"Sema."

Akageuka apande kwake. Mkewe hakusogea, wala kile kisu hakikusogea.

"Kwangu huingii na sura ya saba hujaisoma," alisema, akimkabidhi nakala.

Akabaki katikati ya ngazi, kitabu mkononi, manukato yake yote yakipotea bure. Mama Mwandishi alimtazama kuanzia viatu hadi upara, kisha akausukuma mlango wake kwa kiwiko.

"Haya, jirani, ingia usomee ndani, chakula kiko mezani. Na ule tukikuona, tujue wewe uko upande gani, wa walio hai au wa mizimu."