Upande Usio na Mawe

Bisimwa aliacha kuchimba, akachutama ndani ya shimo na kuvua glovu. Alipapasa udongo kwa vidole, taratibu, kama mtu anayetafuta kifungo kilichoanguka. Kisha akainua uso na kumtazama mjane, si wanaume wenzake.

"Mama Nadine," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Huku kuko mutu."

Kostansia alikuwa amesimama ukingoni, kitenge cha msiba kiunoni na koti zito la binti yake Nadine mabegani, maana baridi ya Machi huko Louisville, Marekani, haina huruma. Alisikia vizuri, lakini akauliza, "Mtu gani?"

"Wa zamani. Mifupa tu. Donc, huu ni mukono."

Wachimbaji wengine walirudi nyuma wakiwa na sepetu zao. Nje ya uzio gari la maiti liliegeshwa, injini inanguruma, na ndani yake Gaudiosi, mumewe, alikuwa anangoja kuzikwa.

Ingekuwa mashine, wasingejua. Mji mzima huo makaburi huchimbwa na mashine, dereva akisikiliza redio yake, na mfupa ukivunjika huenda na udongo. Lakini Warundi na Wakongo wa kanisa lao walikuwa wamekataa mashine. Kambini Tanzania walichimbiana makaburi kwa mikono, na kumwachia kazi hiyo mtu asiyemjua marehemu ilikuwa sawa na kumtupa. Kwa hiyo wanaume walitoka shifti ya usiku kwenye maghala, wakaja moja kwa moja na sepetu za kuazima, bado wamevaa viatu vya kazini.

Gaudiosi alikuwa ameomba jambo moja tu. Alitoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa mgongoni mwa mama yake. Kongo vita vikamfukuza. Tanzania kambi ya kwanza ikafungwa, akahamishiwa nyingine. Baba yake walimzika kando ya barabara, na barabara ilipopanuliwa hakuna aliyejua yule mzee alipelekwa wapi. Hata Louisville, nyumba waliyopanga iliuzwa wakiwa ndani. Akiwa hospitali, midomo imekauka, alimwambia mkewe, "Nitafutie mahali ambapo hawataniambia nihame." Kostansia aliahidi. Alikuwa na uhakika kwamba anajua atapapata wapi.

Alikuwa akisafisha kanisa la Waswidi huko Portland, mtaa wa Louisville ulio karibu na mto Ohio. Siku ya kwanza alipoona jina la Uswidi limechongwa juu ya mlango, machozi yalimtoka. Kule kwao Burundi alizaliwa katika zahanati ya wamisionari wa Kiswidi, na mama yake alikufa akiwaombea kwa majina. "Waswidi ni watu wa kwetu," alimwambia Gaudiosi jioni ile. Marafiki zake waliosikia hawakucheka. Wangecheka kwa nini, na wao waliamini vilevile?

Na kweli Waswidi wa Portland, wazee wachache waliobaki, walikuwa watu wema. Mzee Nyberg, msimamizi wa kanisa, alipopata habari za msiba alimshika Kostansia mkono na kumpeleka nyuma ya kanisa. Upande wa kusini makaburi yalijaa mawe yenye majina ya Kiswidi. Upande wa kaskazini kulikuwa na majani matupu. "Huku kuko wazi tangu zamani," alisema kwa Kiingereza cha polepole. "Mlete mumeo."

Sasa Nyberg alikuja akitembea haraka, kofia mkononi. Alitazama shimoni. Alisikitika, hilo lilionekana. Lakini hakushangaa, na hilo nalo Kostansia aliliona.

"Muulize huyu ni nani," alimwambia Nadine.

Nadine, aliyekuja kwa gari kutoka Buffalo, alikuwa amezoea kuwa mdomo wa mama yake. Aliuliza kwa Kiingereza. Nyberg akaeleza kwa muda, akionyesha mtoni.

"Anasema hajui."

"Amesema mengi kuliko hayo."

Nadine aliangalia viatu vyake. "Mama, anasema hapa palikuwa bandari. Meli zilishindwa kupita kwenye maporomoko, mizigo ikashushwa hapo chini. Babu zake walitoka Uswidi maskini, wakawa wanatengeneza mapipa. Watumwa waliokufa kazini walizikwa upande huu. Alama zao zilikuwa za mbao, mafuriko makubwa ya zamani yakazibeba."

"Watumwa wa nani?"

Nyberg alielewa kabla ya kutafsiriwa. Alitikisa kichwa, akainua mkono.

"Anasema Waswidi hawakumiliki mtu hata mmoja," Nadine alisema. "Dini yao haikuruhusu. Waliwakodi tu. Kwa mwaka, kutoka kwa mabwana zao."

"Waliitwa nani?"

"Hajui, mama. Amesema hivyo tangu mwanzo."

Sylveri, mdogo wake Gaudiosi, aliyetoka Columbus na basi zima la jamaa wa mtaa wa Linden, alimwonyesha Bisimwa kwa kidole sehemu nyingine karibu na uzio. Bisimwa alichimba hapo. Kabla shimo halijafika magotini aligonga mbao iliyooza na misumari. Alihamia pembeni kidogo, akakutana na fuvu dogo, la mtoto. Baada ya hapo alichomeka sepetu ardhini na kujifuta uso kwa mkono wa shati.

"Bon," alisema. "Hapa ni watu pote."

Nyberg alizungumza tena, kwa upole uleule. Nadine alitafsiri bila kumtazama mama yake. Wangeweza kuukusanya mfupa ule wa kwanza na mingine yake, kuiweka kwenye sanduku safi na kuizika pembeni. Pasta angesema sala. Mahali pale pangekuwa pa Gaudiosi, kwa maandishi, milele.

"Shemeji, kubali," Sylveri alisema. "Hawa wamekufa zamani. Kaka yangu yuko kwenye gari. Watu wana kazi, wengine wanarudi Buffalo leo hii."

Na tusimpambe Kostansia: alitaka kukubali. Alimtaka Gaudiosi hapo, hatua chache kutoka mlango wa nyuma anaotokea na ndoo yake. Angekuwa akimaliza kupiga deki anakuja kukaa naye, na hakuna basi la kungoja. Makaburi ya jiji yalikuwa mbali, nje kabisa, huko wanakofika wenye magari. Nani angemlaumu? Sanduku safi, sala, kusogezwa kidogo tu. Mumewe naye kila mara alisogezwa kidogo tu, na kila mara aliyemsogeza alikuwa na maneno ya upole.

Alihisi hasira, na baadaye aibu, kwa sababu alikuwa amewapenda watu hawa kwa sababu ya wengine, wale wamisionari wa Burundi, waliokuwa mbali na wasiohusika. Alimgeukia Bisimwa.

"Mfunike."

"Shemeji, umechoka," Sylveri alisema. "Hujala tangu juzi. Acha wanaume waamue."

"Nimeahidi Gaudiosi asihamishwe. Siwezi kumhamisha mtu ili yeye akae." Sauti yake haikupanda. "Mfunike, Bisimwa. Taratibu, usimpige na mawe."

Sylveri alienda kusimama peke yake karibu na uzio. Alikuwa analia, na alikuwa amekasirika kweli. Msiba wa kaka yake ulikuwa umegeuka wa watu wasiojulikana. Kostansia hakumfuata. Alichutama, akachota udongo, akautupa shimoni kama mjane anavyoutupa kwanza. Nadine alifuata. Halafu wanawake wa kanisa, mmoja mmoja, kila mtu na udongo wake kiganjani, kimya, maana hawakujua waimbe nini kwa mtu ambaye hawakumjua jina. Mzee Nyberg naye alikuja, akainama kwa shida na kuchota udongo wake. Kostansia hakumzuia, wala hakumpisha.

Sepetu zikaanza kazi. Ndani ya kanisa akina mama wa Kiswidi walikuwa wameshaandaa kahawa na mikate ya iliki kwa ajili ya waombolezaji, na harufu yake ilifika hadi pale walipokuwa. Hakuna aliyeingia.

Dereva wa gari la maiti, kijana mwenye tai nyeusi, alikuwa amevumilia vya kutosha. Alishusha kioo na kuuliza, kwa adabu, wampeleke wapi.

Nadine alianza kutafsiri. Kostansia alimwinulia kiganja. Hilo alikuwa amelielewa, ingawa pa kumpeleka alikuwa bado hajapajua. Alipangusa mikono kwenye kitenge, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa abiria na kukaa kando ya dereva. Akaufunga mlango. Kijana alimtazama, akingoja jibu, mikono yake yote miwili iko juu ya usukani.