Mkalimani na Kiingereza cha Siku Hizi

Tangu siku ya kwanza mwalimu yule alipoketi sebuleni kumfundisha mjukuu wa mzee Kiingereza, machale yalimcheza mzee huyo. Alikuwa mkalimani wa mahakama aliyestaafu, na mtaani hakuitwa jina jingine ila Mkalimani. Ujana wake wote na utu uzima wake ulikwisha akisimama kati ya hakimu na mshtakiwa, akibeba maneno ya huyu kumpelekea yule bila kumwaga hata tone. Kiingereza alikijua. Lakini alichokuwa akikisikia sasa, amejibanza nyuma ya pazia la chumbani, chai ikipoa mkononi, kilikuwa kitu kingine kabisa.

Binti, huyo mjukuu wake, alikuwa akijiandaa kwa usaili wa kampuni inayopokea simu za wateja wa ng'ambo. Mara ya kwanza alishindwa, na kampuni ile haikuwa na desturi ya kumwita mtu mara ya tatu. Mama yake, ambaye kutwa alikuwa kazini, ndiye aliyemtafuta mwalimu. Na mwalimu, kwa kinywa chake mwenyewe, alisema ana mpwa wake anayeomba kazi ileile.

Hapo ndipo Mkalimani alipoona kuna namna. Nani amnoe mshindani wa damu yake? Tena amnoe kwa lugha iliyokatwakatwa, maneno yamemezwa nusu, mteja anasemeshwa kama rafiki wa kijiweni! Hii ni hujuma, akajisemea. Akaanza kazi yake kimyakimya: mwalimu akishona asubuhi, yeye alifumua alasiri. Ikiwa mteja amelalamika kwamba birika lake la umeme halichemshi, binti alitakiwa kujibu, kwa Kiingereza cha maana, kwamba anaomba kwa unyenyekevu kuwasilisha kuwa shauri hilo limepokelewa na litatolewa uamuzi kwa wakati muafaka.

"Lakini babu, mtu anataka chai yake tu."

"Ataipata. Kwa heshima."

Usaili ulipokaribia, mwalimu akaanza kulalamika kwamba mwanafunzi wake anarudi nyuma. Asubuhi moja, binti akiwa ametumwa dukani, Mkalimani alijitokeza, akavuta kiti, akamkabili mwalimu kama shahidi kizimbani. Alimuuliza alisomea wapi. Alimuuliza mpwa wake anafundishwa na nani. Mwalimu akajibu bila kupepesa kwamba anamfundisha yeye mwenyewe, na kwamba nafasi zipo za kutosha. Mzee hakulipenda jibu lile. Lilitoka haraka mno.

"Na hicho Kiingereza umekiokota wapi, mwanangu?"

Mwalimu hakukasirika. Alitoa simu yake, akamwomba mzee asikilize sauti tatu, kisha ataje ipi ni ya Kiingereza bandia.

Ya kwanza ilikuwa nzito, ya kukwaruza koo. Mkalimani hakuambulia hata neno moja. Akasema hiyo ni lugha ya nchi nyingine, asifanywe mtoto. Ya pili aliinasa hapa na pale, kama mtu anayechungulia kwenye kioo chenye mvuke. Ya tatu ilikuwa ya bibi kizee mmoja wa ng'ambo akilalamikia kitu alichonunua. Hata huyo alimponyoka nusu.

"Zote ni Kiingereza, mzee. Ya kwanza ni maandishi ya miaka elfu iliyopita yakisomwa kwa sauti, ya pili ya zama za kati, na huyo bibi ni wa mwaka huu."

Akaeleza kwamba walivuka bahari watu wa kaskazini, wakaingia Uingereza, wakaoa na kukaa. Na inasemekana majirani walipotaka kuelewana, mikia ya maneno ikaanza kupukutika. Wakaja watawala wenye Kifaransa chao. Ikaja mitambo ya kuchapa, zikaja biashara na makoloni, na kila aliyekichukua Kiingereza alikikata kwa kipimo chake.

"Hata hayo maneno yako ya Kiingereza ya hakimu na jela waliyaleta wageni hao," mwalimu akasema. "Nadhani siku hizo palikuwa na babu fulani nyuma ya pazia, akinung'unika kwamba hicho si Kiingereza."

Mzee akalitupia jicho pazia. Kumbe alikuwa akionekana. Lakini lililomchoma lilikuwa jingine. Kiingereza chake chote alikipata kwa mahakimu, na mahakimu walikuwa wakisema ili maneno yao yaandikwe. Hakuwahi kuwasikia wakiulizana habari za nyumbani. Na hicho cha kuandikwa ndicho alichomvisha mjukuu wake.

Au pengine sauti zile nazo zilipikwa? Hakuwa na njia ya kujua.

Alasiri binti alileta kiti chake kama kawaida. Babu akamwambia hakuna somo, leo wala kesho, na yale aliyomfundisha asiende nayo kwenye usaili. Ashike ya mwalimu.

"Kwa hiyo umemwamini?"

"Simwamini hata chembe. Ana mpwa wake yule. Wewe fanya anavyokuambia, halafu ukamshinde huyo mpwa."

Binti akacheka, akaanza kujizoeza palepale, maneno akiyameza nusu. Mkalimani akakaa kando yake, midomo ameibana, akijizuia kumsahihisha.