Bomba Refu la Kamaludin

Mtu wa Amu, yaani Lamu, akinunua gari, ananunua kitu cha kwenda kukitembelea. Mjini kwetu hakuna pa kuliendesha. Vichochoro vya Mkomani, punda wawili wakikutana, mmoja hana budi kurudi kinyumenyume. Kwa hiyo gari linakaa ng'ambo, Mokowe, limefunikwa turubai, na mwenyewe huvuka kwa boti kwenda kulipangusa vumbi, kuliwasha na kulisikiliza kidogo, kisha akarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Kamaludin alikuwa mmoja wa watu hao. Alikuwa na duka la vifaa vya umeme, mke aitwaye Zakiya, na Forester ya kijivu aliyoijua zaidi kwa simu kuliko kwa barabara.

Nikisema kwa simu, nasema video. Kila baada ya alasiri aliketi barazani na wenzake, akatazama watu wa nchi za mbali wakifungua boneti zao na kuzieleza kama mtu anayeeleza sifa za bibi harusi. Mwaka huo maradhi yake yalikuwa hewa. Injini, alituambia, ni kifua. Ipe pumzi, itakimbia. Gari likitoka kiwandani linavutia hewa kwenye boksi la plastiki lenye mdomo mwembamba, na kwa maneno yake hilo ni sawa na mtu mwenye mafua kupumulia tundu moja la pua.

Basi akawa analinganisha. Njia ya kwanza ilikuwa kuliacha boksi lilivyo, ukatoa chujio la karatasi na kutia la pamba, lile la kuosha na kurudisha. Hiyo aliidharau, maana haibadilishi sauti na mtu akifungua boneti haoni kitu. Ya pili ilikuwa kutupa boksi kabisa na kufunga bomba fupi lenye chujio la wazi mwishoni. Hilo linanguruma vizuri, lakini linavuta hewa ya moto ya injini yenyewe, na hewa ya moto ni nyepesi, haina nguvu. Ya tatu ilikuwa bomba refu. Linapita pembeni ya injini, linashuka mpaka nyuma ya bampa, na chujio lake linakaa huko chini karibu na lami ambako hewa ni baridi. Hapo Kamaludin alikuwa akishusha sauti, kama anayetaja jina la mtu mkubwa.

"Na hiyo nguvu utaipeleka wapi?" Fadhil, mshona kanzu, alimuuliza. "Kwenye turubai?"

Tulicheka sote. Kamaludin naye alicheka, lakini yalimwingia.

Chini ya video moja ya bomba refu, mtu asiyemjua alikuwa ameandika kwamba huko kwao mvua zilinyesha, akaingia penye maji, na kwa kuwa chujio liko chini, injini ikanywa maji badala ya hewa na kufa papo hapo. Wengine walimjibu kwamba ni kweli, bomba hilo si la barabara za maji. Kamaludin aliyasoma yote hayo. Akajiambia kwamba hao ni watu wa nchi za mvua, akaagiza bomba lake Mombasa. Lilipofika, Jabez, fundi wa Mokowe, alikata plastiki za ndani ya bampa na kulifunga, kisha wote wawili wakasimama mbele ya boneti iliyo wazi, wakilisikiliza na kutabasamu kama watu waliopata mtoto.

Mwezi huo huo Bi Mwanaarabu, mama yake Zakiya, aliambiwa kwamba presha ya macho imelizidi jicho lake la kulia. Daktari wa upasuaji anayezuru Malindi alimpangia siku, akamweleza bila kuficha kuwa jicho lile halitangoja. Ikipita siku hiyo, huenda nuru isirudi. Mukhtar, kaka yake Zakiya aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, alipiga simu kusema atamkatia mama tiketi ya basi.

"Mama apande basi na mimi nipo?" alisema Kamaludin.

Hakuna aliyemtuma kuyasema hayo. Zakiya alifurahi mno. Aliyarudia mbele ya majirani, kwamba mumewe ndiye atakayempeleka mamake kwa gari lake mwenyewe, na Kamaludin akayasikia kutoka chumba cha ndani, kifua kikamjaa.

Waliondoka Mokowe asubuhi, Bi Mwanaarabu amekaa mbele, mkoba wa karatasi za hospitali mapajani. Kila Kamaludin alipokanyaga mafuta, bomba lilikoroma.

"Ni kitu gani hicho chakoroma?" aliuliza mama mkwe.

"Ni hewa, Mama. Gari linavuta hewa baridi kutoka chini. Si magari yote yana hiyo."

"Hewa," alisema yule mama, akakubali kwa adabu, kama mtu anayesifu chakula asichokijua.

Njiani kote aliendelea kumweleza. Kwa nini bomba refu na si fupi, kwa nini baridi na si moto. Bi Mwanaarabu aliitikia "ehe" na "naam" hadi wakapita Witu. Nadhani hakuwa na la kufanya. Mtu anayekupeleka kutibiwa humkatizi maneno.

Mbele ya Gamba walikuta Mto Tana umepanda barabarani. Masika yalikuwa yamechacha huko juu, na maji ya rangi ya chai yalilala juu ya lami kwa kipande kirefu. Malori yalipita. Basi la Mombasa lilikuwa limesimama ukingoni, linajiandaa kuvuka. Magari madogo yalikuwa yamewekwa kando na wenyewe wamekaa chini, isipokuwa Probox moja iliyoingia mbele ya macho yao na kutokea upande wa pili, maji yakiilamba milango.

Utingo wa basi aliwajia dirishani. Aliona mama mtu mzima na mkoba wa hospitali, akasema viti vipo, mama apande, watamfikisha Malindi mapema.

Kamaludin alijua. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu walimtafutia visingizio vingi. Yale maneno chini ya video yalimjia yote, moja baada ya jingine. Alijua chujio liko wapi na maji yamefika wapi. Alichotakiwa kusema ni kwamba gari hili limekatwa, haliwezi kupita, mama apande basi. Lakini ungemwambiaje mkwe maneno hayo? Kwetu mwanamume mbele ya mama mkwe hali akashiba, hacheki akaonyesha meno. Na huyu alikuwa amemhubiria hewa baridi tangu asubuhi. Probox imepita, na yeye ageuke amkabidhi mama wa watu kwa utingo? Aliona aibu. Ni hiyo tu iliyokuwa moyoni mwake, aibu ndogo ya kitoto.

"Tutapita," alimwambia utingo.

"Kamaludin, ndia ndiyo hiyo?" aliuliza Bi Mwanaarabu. Hakuwa mwoga wa maji. Ni mzaliwa wa Faza, amevuka bahari tangu tumboni. Aliuliza tu.

"Inapitika, Mama."

Waliingia. Kwa muda mfupi maji yaligawanyika vizuri mbele yao. Kisha mkoromo wa bomba ukageuka kuwa mgugumio, kama wa mtu anayenywa kwa pupa, kikafuata kishindo kimoja kizito cha chuma, na gari likanyamaza. Kamaludin alizungusha ufunguo na hapakuitika kitu. Maji yalianza kuingia chini ya miguu yao.

Hapakuwa na njia nyingine ila kumbeba. Alishuka, maji yakamfika mapajani, akafungua mlango wa upande wa pili na kugeuza mgongo. Huyu ni mama ambaye mkono wake aliubusu kwa heshima siku za Idi na hakuwahi kuugusa zaidi ya hapo. Mama alimpanda mgongoni na buibui lake, mkoba kauinua juu ya kichwa cha mkwewe usilowe, na watu wa ukingoni wakasimama kutazama. Mmoja alitoa simu apige picha. Mwenzake akamshusha mkono. Kilichomuumiza Kamaludin kuliko vyote ni wepesi wa yule mama. Alikuwa mwepesi mno.

Basi lilikuwa limekwisha kuvuka. Walilitazama likipotea upande wa Malindi.

Lori liliwavuta kuwarudisha walikotoka, na mto ukazidi kupanda. Walilala Witu kwa jamaa zake Bi Mwanaarabu. Walipopata njia ya kufika Malindi, daktari alikuwa amemaliza na kuondoka, nao wakaandikiwa siku nyingine, mbele huko. Siku hiyo ilipofika daktari alilimulika jicho, akalimulika tena, kisha akasema watunze lililobaki. Na gari, Jabez alilifungua akakuta konrodi, vyuma vishikavyo pistoni, zimepinda, injini si ya kutengenezeka. Kamaludin hakuuliza lolote juu ya gari. Bomba alilitoa mwenyewe, akalitupa jalalani Mokowe.

Hakuna aliyemlaumu, na hapo ndipo alipoanza kuumwa hasa. Bi Mwanaarabu alikuwa ameshatoa habari yake. Kila mwanamke aliyekwenda kumjulia hali alielezwa hivyo hivyo: Kamaludin alitaka kugeuza, yeye Mwanaarabu ndiye aliyemkazania apite, alikuwa na haraka ya daktari. Mkwe atamkatalia mama mkwe vipi? Mji mzima uliamini, kwa sababu ndivyo watu wetu walivyo. Fadhil alimwambia barazani, "Pole, ndugu yangu, ungefanyaje," na Kamaludin akaitikia, "Alhamdulillahi." Alihisi nafuu. Kisha akaichukia ile nafuu, na asubuhi ya pili akawa anaitafuta tena.

Mukhtar alipata ruhusa kazini, akaja. Walikaa ukumbini kwa Bi Mwanaarabu, mama juu ya kitanda chake, Kamaludin kando yake, Mukhtar amewaelekea. Zakiya alileta kahawa na halua. Mukhtar ni mtu mwema lakini mkali, na uchungu ulikuwa umemkaa tangu Mombasa.

"Mama, nataka nisikie kwako. Basi lilikuwako?"

"Lalikuwako."

"Na utingo akakuita?"

"Akaniita. Mimi nikasema sishuki. Nikamwambia Kamaludin apite, mai si mengi."

"Kwa nini?"

"Haraka, mwanangu. Mtu mzima akishika jambo."

"Haraka yako imekula jicho lako," alisema Mukhtar. "Nilitaka kukukatia tiketi, ukapanda gari. Mkweo alitaka kugeuza, hukutaka. Mama, wewe humsikizi mtu. Sasa usiku nani atakuongoza kwenda msalani? Zakiya? Aache watoto wake?"

Bi Mwanaarabu aliinamisha kichwa. Alikuwa akivuta uzi mmoja wa pindo la leso yake, mama wa watu wazima, anakaripiwa na mwanawe kama mtoto aliyevunja kikombe. "Nimekosa," alisema. "Mniwie radhi."

Kamaludin alifumbua mdomo. "Shemeji, si..."

"Kamaludin, nyamaza," alisema mama mkwe, kwa upole.

Akanyamaza. Adabu ilimpa pa kujificha, akajificha. Mukhtar akaendelea. Kamaludin alimtazama yule mama kwa pembeni, apime kama ana hasira naye, akaona kwamba hawezi kupima, kwa sababu uso aliokuwa akiutazama ni upande wa kulia na jicho la upande huo halikuwa likimtazama yeye wala chochote. Ndipo akagundua kwamba tangu waliporudi kutoka Malindi hajakaa upande mwingine. Kwenye kula, kwenye dua, kwenye kumsalimia asubuhi, miguu yake ilikuwa ikimpeleka kulia, mahali ambapo haonekani. Hakuwa amelipanga. Alihisi uso wake wote unawaka.

Aliinuka. Mukhtar alikatiza maneno yake, akidhani anaondoka. Kamaludin alizunguka kitanda, akakaa chini kwenye mkeka upande wa kushoto, na Bi Mwanaarabu akamgeuzia jicho lake zima.

"Mama hakusema nipite," alisema. "Aliniuliza kama ndio njia, nikamwambia inapitika. Utingo alikuja kumchukua nami nikamkataza. Gari nililikata kwa ajili ya lile bomba. Mama anasema uongo kwa ajili yangu."

Nje mtu alimfokea punda.

"Si kwa ajili yako," alisema Bi Mwanaarabu mwisho. "Ni kwa ajili ya huyu Zakiya, mwanangu. Yeye ndiye wa kukaa nawe. Ito langu lishakwenda, sikutaka na nyumba yake iende."

Zakiya alikuwa bado amesimama na sinia. Hakuwa akimtazama mamake wala kaka yake.

"Nikuulize kitu kimoja," alimwambia mumewe. "Kabla hujaingia majini. Ulijua gari halitapita, au hukujua?"

Angeweza kusema hakujua. Ilikuwa njia ya mwisho iliyobaki, na Zakiya alikuwa akimwombea aishike. Aliliona hilo usoni mwake.

"Nilijua," alisema.

Zakiya aliweka sinia chini. Alimshika mamake mkono, upande ule wa kulia, akamwambia kuna kizingiti ainue mguu, wakaingia ndani polepole, na Mukhtar akainuka kutafuta viatu vyake, akimwacha Kamaludin peke yake mkekani.