Mafuta ya Kondoo kwenye Nibu

Mimi nilikuwa mpiga taipu wa chuo cha ufundi cha misheni pale Lodwar, na mashine yangu ilifanya kila kazi isipokuwa vyeti. Vyeti viliandikwa kwa mkono. Jina la mhitimu lilitakiwa linenepe kalamu ikishuka na likonde kalamu ikipanda. Mzee Josiah, aliyekuwa akiviandika miaka yote, macho yalimchoka akarudi kwao Machakos. Basi Bwana Mutua, karani mkuu, akatangaza mtihani, na asubuhi ile wakaja wawili.

Wa kwanza alikuwa Gitau wa stoo ya mahindi ya msaada kule Kakuma, kijana mpole aliyekuwa na neno zuri kwa kila mtu. Asipopata kazi hii angehamishiwa Kaikor, mbali kaskazini, na huko hakuna aliyekuwa akipigania kwenda. Wa pili alikuwa Akai, msichana wa Kakuma, aliyesoma kwa masista. Aliingia kidevu juu, kama kwamba sisi ndio tuliokuja kwake kuomba kazi.

Nilimjua na nilijua shida yake. Mwaka ule wavamizi walitokea upande wa Nadapal, mpakani, wakazoa mifugo ya baba yake, mzee Etabo, wakamwachia kondoo wa kuhesabika. Mtu aliyezoea kuwagawia wengine ng'ombe sasa alikuwa akipanga foleni ya unga pamoja na wajane.

"Ejok, Jerotich," Akai alinisalimia kwa Kiturkana pale mlangoni. "Nikipata hii meza, mzee hasimami tena kwa ile laini. Hiyo tu ndiyo nataka."

Alikuja na kalamu ya wino ya Kihindi, ile nyeusi ya bei ya chini ambayo kila karani wa Lodwar alikuwa nayo mfukoni, pamoja na doa lake la wino. Nibu za kalamu zile huja ngumu. Ubonyeze, usibonyeze, mstari ni ule ule. Lakini Akai aliing'oa ile ya Kihindi akapachika nyingine ya chuma laini, zawadi ya sista mmoja mzee kabla hajarudi Ulaya. Ukiibonyeza, ncha zake mbili zinaachana na mstari unanenepa. Ukilegeza mkono zinarudiana. Ukizidisha nguvu hazirudiani tena, na hapo umebaki na kipande cha bati. Nyingine ya aina hiyo usingeipata madukani hadi Kitale, na hata huko sijui.

Bwana Mutua aliwakalisha meza moja, akawapa karatasi nzito za vyeti, na Gitau akampa kalamu ya kuchovya ya Josiah. "Andikeni majina yenu. Mkuu wa chuo anataka unene na wembamba, si mchoro wa kuku."

Akai alichovya kwenye wino mzito wa vyeti, ambao haujazwi ndani ya kalamu, akaweka nibu kwenye karatasi, akashusha mkono. Wino ulitoka vitone viwili ukakatika. Akachovya tena. Wino ulijikusanya juu ya nibu kama maji juu ya jani la mgomba, ukakataa kushuka. Akai alianza kutoka jasho, na mimi niliacha kupiga taipu.

Alijaribu mara ya tatu, karatasi ikapata doa. Hapo aliweka kalamu chini akamgeukia Gitau.

"Umeshika kalamu yangu."

"Mimi?"

"Tulitoka Kakuma lori moja. Mimi nilikaa mbele na dereva, mfuko wangu ulikaa nyuma na wewe juu ya magunia. Jana ilikuwa inaandika. Umeifanya nini?"

Gitau alitazama mikono yake. "Akai, sikufungua mfuko wako."

"Nani basi, magunia? Mwizi wewe!"

Bwana Mutua hakuwa mtu wa kupeleleza. Alichukia makelele ofisini kuliko alivyouchukia wizi wenyewe. Aliivuta karatasi ya Gitau, akaikunja. "Gitau, toka. Mtu wa hila sitamwekea vyeti vya watu mkononi."

Gitau alitoka bila kujitetea tena. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nilimkasirikia Mutua, nikamkasirikia Akai, na zaidi nilimkasirikia Gitau mwenyewe kwa upole wake usio na faida.

Akai aliinua kalamu aikague, akaisogeza karibu na uso. Nikaona ameganda, pua juu ya nibu. Nilikuwa karibu naye, na harufu ikanifikia na mimi. Mafuta ya mkia wa kondoo.

Nani Turkana asiyeijua harufu ile? Mzee hupaka chuma chake mafuta ili kisipate kutu: mkuki, kisu cha mkononi, kengele ya ng'ombe. Chuma cha thamani hakiachwi kikavu.

"Imekuwaje?" Bwana Mutua aliuliza. "Chukua kalamu ya Josiah, uandike tumalize. Umebaki peke yako."

Kazi ilikuwa yake. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na foleni ya unga ingeisha. Nilimtazama kidevu chake nikingoja kuona atafanya nini, na nikajiambia kwamba asiposema yeye, nitasema mimi, hata kama Mutua atanifukuza.

"Ni baba," Akai alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Alichinja kondoo wa kuniaga. Akaomba kalamu aishike kidogo, akaenda nayo pembeni. Mzee ameipaka mafuta. Hajui wino unakataa mafuta. Gitau hakufanya kitu. Naomba arudi."

Bwana Mutua alishusha pumzi ndefu. Nilishatoka nje kumwita Gitau kabla hajajibu.

Nilipomrudisha, Akai alikuwa ameiweka nibu mdomoni, akiilamba taratibu na kuifuta kwa pindo la nguo, tena na tena. Alikuwa akilia bila sauti.

"Sasa kalamu imekuwa kesi," Bwana Mutua alisema. "Mtaandika wote kwa hiyo hiyo moja, nisisikie neno jingine. Gitau, anza wewe."

Akai alimpa. Aliyetoka kuitwa mwizi sasa alikuwa ameishika nibu ya Akai, na kubonyeza mara moja tu kwa hasira kungetosha kuiharibu. Akai alishika ukingo wa meza. Gitau aliijaribu nibu kwenye ukucha wa kidole gumba, akaona zile ncha zikiachana, akamtazama Akai, kisha akainama.

Aliandika jina lake lote bila kubonyeza hata kidogo. Mwandiko ulikuwa mzuri, ulionyooka, lakini mwembamba kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nilisema unene," Bwana Mutua alisema.

Gitau aliifuta nibu, akairudisha. Akai akaandika. Mistari ilishuka minene na kupanda myembamba, na Bwana Mutua akatikisa kichwa kuikubali hata kabla Akai hajafika herufi ya mwisho.

Nilimfuata Gitau mpaka nje, kwenye lori lililowaleta. "Kwa nini hukubonyeza? Unajua kubonyeza."

"Ile nibu siijui nguvu yake, dada. Ningeiharibu, yeye angeandika na nini?"

Akai alikuwa nyuma yangu, kalamu mkononi. Alikuwa amesikia. "Gitau," alisema, "nilikuita mwizi mbele ya watu."

"Uliniita mwizi, halafu ukaomba niitwe nirudi," Gitau alisema. "Nimesikia yote mawili." Akapanda juu ya magunia, na lori likaondoka.

Akai alisimama pale juani akilitazama mpaka likapotea kwenye vumbi. Alikuwa hajaifunika kalamu, na joto la Lodwar halisubiri mtu. Aliporudi ndani kuanza kazi, wino ulikuwa umekwisha kukaukia kwenye nibu, na ikabidi aiweke tena mdomoni.