Kitambaa Juu ya Ruta

Saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Alhamisi, taa ya kijani ya ruta ilizimika. Ikawaka nyekundu, na baada ya dakika nne ikarudi kijani. Mukamugema, mwalimu mstaafu wa fizikia, aliandika muda huo katika daftari. Kwenye kioo cha kompyuta yake, wanafunzi kumi na wanane wa kijiji cha Vitshumbi aliokuwa akiwafundisha kwa mtandao walikuwa wamekwisha kupotea. Kabla somo halijaisha walipotea mara mbili zaidi.

Jioni prefe, yaani mkuu wa shule yao, Barthélemy, alipiga simu. Alisema kwa heshima, bila kuzunguka: mtihani wa Serikali umekaribia, na watoto wanakaa mbele ya simu moja wakitazama kioo cheusi. Alhamisi ijayo mtandao ukikatika tena, atalifuta somo na kuwarudisha kwenye kunakili vitabu vya zamani. Mukamugema alimjibu kwamba hautakatika. Hakuwa na ushahidi wowote wa kusema hivyo, na alilijua hilo.

Kesho yake akaja Rodrigue, fundi wa mtandao. Aliizima ruta, akaiwasha, akatazama paa la mabati, akatikisa kichwa.

"Sitaki kukuongopea, Mama. Hii mashini imechoka. Inafaa ingine."

"Mutoto akikohoa, unamununulia kifua ingine?"

Rodrigue alicheka peke yake, akaondoka.

Landry, mwana wa Mukamugema, alikuwa na hukumu yake: majirani wa mtaa wao wa Keshero wameiba neno la siri. Akalibadilisha. Ruta ikakatika vilevile. Umeme nao haukuwa na hatia, kwani taa ya mezani iliyochomekwa palepale haikupepesa hata mara moja.

Mukamugema aliendelea kuandika, saa tatu hadi saa sita kila asubuhi. Ijumaa, mara sita. Jumapili, tano. Jumatatu, saba. Jumamosi, hakuna. Landry alisema labda Jumamosi mtandao unakwenda kusali na Waadventista. Mama yake alikuwa akijiuliza ni kitu gani sebuleni mwake hubadilika siku ya Jumamosi.

Jibu lilikuwa kazi ya mikono yake. Kila Jumamosi hufua vitambaa vya kroshe: vya viti, cha redio, na kile cheupe chenye maua manne alichoifumia ruta ili kuikinga na vumbi jeusi la barabara. Vikishinda kwenye kamba, ruta hushinda wazi. Aliingiza mkono chini ya kitambaa. Ruta ilikuwa na joto la chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Jumatano aliifunua kwa saa mbili. Haikukatika. Akaifunika: dakika ya thelathini na nne, nyekundu. Akarudia tangu mwanzo, kwa kuwa jaribio moja si jibu. Dakika ya thelathini na moja, nyekundu.

Alasiri Rodrigue alirudi na ruta mpya kwapani. Landry ndiye aliyemwita. Mukamugema alimpa daftari. Fundi alisoma kurasa zote, akakitazama kitambaa, akatabasamu.

"Kumbe ni weye, Mama, ulikuwa unaiua."

"Ni mimi. Andika hivyo kwenye fishi yako ya kazi. Na hiyo mashini uirudishe kwenye umeitosha." Rodrigue akaitia tena ruta mpya kwapani, akaondoka nayo.

Landry aliuliza wageni watasemaje wakikuta kitu kiko uchi juu ya kabati la sebuleni. Mama yake alisema watazoea, na wasiozoea watatazama upande mwingine. Kisha akaokota uani vijiwe viwili vya volkano, akaviosha, akaiweka ruta juu yake ili hewa ipite chini. Kitambaa alikikunja, akakitia sandukuni.

Alhamisi, saa tatu kamili, alianza somo la lenzi. Saa nne na dakika arobaini, taa ya ruta ikiwa bado kijani, Masika, msichana wa dawati la mbele, alinyoosha mkono.

"Madame, rudilia ule mufano wa mwisho."

Akaurudia. Dakika tano baadaye Barthélemy aliinamia simu ya darasa, akaomba somo la Alhamisi inayofuata lianze nusu saa mapema.