Swali la Mama Mjapani

Maneno yalianzia kwenye meza ya pasi, na yalipomwingia Mama Mjapani masikioni hayakutoka tena. Mwenzake wa kukunja mashuka, mwanamke mwenye mdomo usiolala, aliyasema kama mtu anayezungumzia mvua.

"Nasikia mwalimu wenu wa Kijapani anafungasha. Na hakuna mwingine anayekuja. Kituo kinafungwa."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa dereva anayetuletea nguo za kufua. Ameambiwa mapazia ya pale yakishafuliwa yasitundikwe tena, yakunjwe yatiwe kwenye mfuko."

"Dereva naye! Kila siku ana lake."

"Mimi nimekuambia tu, dada. Nisije nikaambiwa nilijua nikanyamaza."

Mama Mjapani akacheka kidogo, kicheko cha kufunika, akaendelea kunyoosha foronya. Lakini pasi ilikaa mahali pamoja kupita kiasi, na foronya ya watu ikaota doa la kahawia.

Jina hilo la Mama Mjapani alipewa na mtaa kwa sababu ya binti yake. Binti alianza kwenda kwenye kituo cha lugha na utamaduni wa Kijapani akiwa bado anavaa sare ya shule, kwa kuwa masomo yalikuwa ya bure na darasani kulikuwa na feni. Wenzake walikwenda mara mbili tatu, wakavalishwa kimono, wakapiga picha, wakatoweka. Yeye akanasa. Alijifunza herufi ambazo mama yake akizitazama aliona vibanda vilivyopigwa na upepo. Alijifunza kukunja karatasi ikawa ndege, kupanga maua matatu kwenye bakuli kana kwamba mengine yameisha sokoni, na kuwapa wageni chai ya kijani kwa utaratibu mrefu hata mwenye kiu angeweza kuzimia akingoja. Watoto wa mtaani walimpigia kelele: "Mjapani! Redio ya baba imekufa, njoo uifufue!" Naye aliwainamia kwa heshima, kama alivyofundishwa, nao wakazidi kuvunjika mbavu.

Kituo kilikuwa na mtindo wake wa kazi. Mwalimu alitoka Japani, akakaa miaka miwili, akaondoka, akaja mwingine. Na kila aliyekuja alianza upya kabisa: salamu, kuhesabu, jina langu ni fulani. Binti alikuwa ameyavuka hayo zamani, lakini juu yake hapakuwa na darasa, basi akageuka msaidizi. Alifungua mlango, alipanga viti, aliwafundisha wageni salamu, na siku ya maonyesho alivaa kimono wakubwa wakaja kupiga naye picha. Sura yake ilikuwa kwenye bango la mlangoni, inatabasamu. Mshahara hakuwa nao. Alikuwa na ahadi, na ukiuliza nani aliitoa hiyo ahadi, hakuna aliyeweza kukuonyesha mdomo ulioitamka. Ilisemwa tu kwamba siku moja kituo kitaajiri mwalimu mwenyeji, na nani mwingine kama si yeye?

Sasa, kidonda kilikuwa hapa. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimempa binti nafasi. Mama ndiye aliyeihangaikia, maana mashuka ya bweni la chuo yalipita mikononi mwake, na kwa kumsalimia mkuu wa chuo kila alipokuja kuyakagua, wakazoeana. Asubuhi ileile ya maneno ya dereva, mkuu alipiga simu.

"Mama, masomo yameanza. Mwanao nimemshikia kitanda mpaka Ijumaa. Jumatatu nampa mwingine, usinilaumu. Na mwakani umri utakuwa umemkataa."

Jioni mama alimkuta binti anapiga pasi vitambaa vya chai vya kituo, kwa makaa ya nyumbani.

"Wanasema kituo kinafungwa."

"Hakifungwi, mama. Sensei angeniambia." Sensei ndivyo alivyomwita mwalimu wake.

"Umemuuliza?"

"Nitamuuliza."

Kesho yake: umemuuliza? Alikuwa na wageni. Keshokutwa: umemuuliza? Alionekana amechoka. Ikafika Alhamisi. Mama akaomba ruhusa kazini, akavaa gauni la harusi za watu, akaenda mwenyewe.

Binti ndiye aliyemfungulia, na mlangoni ilibidi avue viatu. Akaona haya kwa ajili ya visigino vyake vilivyopasuka, akavitua kwenye mkeka taratibu kama anayeogopa kuamsha mtoto. Chumba kilikuwa na mwanga mwingi kupita kiasi, maana madirisha hayakuwa na mapazia, na ukutani palikuwa na madoa meupe ya pembe nne palipowahi kuning'inia picha.

"Picha ziko wapi?"

"Zinapanguswa vumbi, mama."

Mwalimu akatokea. Kumbe ni msichana tu, pua imebabuka kwa jua! Alijua Kiswahili cha kusalimia, akasema "Habari za asubuhi" na jua limeshageuka. Akainama. Mama akainama. Mwalimu akaona ameinamiwa sana, akainama zaidi, mama naye asizidiwe, wakawa kama kuku wawili wanaogombea punje moja. Wakakaa chini, binti katikati, mikono juu ya mapaja.

"Mwambie hivi," mama alisema. "Neno kwa neno, usinipunguzie. Mwambie nimesikia kituo kinafungwa. Ni kweli au uongo? Kama kuna kazi ya mwanangu, aseme leo. Kama hakuna, aseme leo vilevile, kwa sababu chuo cha uuguzi kinamngoja mpaka kesho. Na mwambie mimi sina mtoto mwingine wa kujaribia."

Binti akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, laini, haikuwa ile ya nyumbani ya kuitana chumba kwa chumba. Alipomaliza, mwalimu akaziba mdomo kwa kiganja. Machozi yakamlengalenga. Akainama mpaka nywele zikagusa mkeka, akajibu maneno marefu, akamtazama mama kwa uso uliong'aa.

Mama akajisemea moyoni kwamba swali lake halikuwa la kumng'arisha mtu uso. Lakini angejuaje? Watu hulia kwa namna zao.

"Anasema nini?"

"Anasema ananitegemea sana."

"Kazi ipo?"

"Anasema... tuwe na subira, mama. Ananitegemea."

"Hilo la kukutegemea nimelisikia. Mimi nimeuliza kazi."

"Mama, tafadhali. Hapa watu hawapazi sauti."

Mwalimu akaleta kisanduku kilichofungwa kwa kitambaa cha maua, akamkabidhi mama kwa mikono miwili. Mtu aliyepewa kitu kwa mikono miwili anagombaje tena? Mama akapokea kwa mikono miwili, akavaa viatu, akaondoka.

Ijumaa alijaribu mara ya mwisho. Alimtolea binti sanduku la nguo, akaliweka mlangoni.

"Twende chuoni. Hata kwa kukaa wiki moja tu, uone."

"Mama, jana ulikuwepo. Umesikia kwa masikio yako."

Na kweli alikuwepo. Masikio alikuwa nayo. Akalirudisha sanduku uvunguni. Jumatatu kitanda kikapata mtu.

Mwezi haukwisha. Siku moja mchana mwalimu alikuja nyumbani kuaga, akiwa na karani wa ofisi yao, bwana wa makamo anayejua lugha zote mbili barabara. Mama akawapa viti, mwenyewe akakaa kwenye ndoo aliyoigeuza. Mwalimu akasema, karani akatafsiri.

"Anasema anaondoka kesho, na kituo kimefungwa rasmi. Anasema atakapokuwa mzee atakumbuka siku uliyokuja kumshukuru kwa kumlea mwanao. Hakuna mzazi mwingine aliyewahi kumfanyia hivyo."

"Kumshukuru?" mama akauliza. "Mimi?"

Binti alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Baba, niambie vizuri," mama akamgeukia karani. "Siku ile nilimuuliza kama kituo kinafungwa na kama mwanangu ana kazi. Chuo kilikuwa kinamngoja. Muulize kwa nini alituambia tuwe na subira."

Karani akamtazama binti kwanza, kama anayeomba ruhusa, kisha akatafsiri. Mwalimu akabadilika rangi. Alisema kidogo kidogo, akikatika katika.

"Anasema hakusikia swali lolote. Aliambiwa mama anashukuru na anamwombea afya njema. Anasema angeulizwa angesema. Ofisi ilimwambia tangu mwaka jana kwamba hakuna mwalimu mwingine, wala mwenyeji hataajiriwa. Habari za chuo cha uuguzi anazisikia sasa hivi. Alidhani binti anakuja kwa mapenzi tu, kwa sababu hakuomba kitu hata siku moja."

Mwalimu akalia waziwazi, safari hii bila kuziba mdomo. Karani akasimama, akasema wana safari. Wakatoka. Hawakuinamiana.

Mama alingoja mpaka mlio wa gari lao ukaisha.

"Kwa nini?"

"Mama, mwalimu haulizwi hivyo. Ningemweka pagumu. Angeona aibu mbele yako."

"Na mimi je? Mimi uliponidanganya huku nakutazama?"

"Wewe ni mama yangu," binti akasema, na kwake hilo lilikuwa jibu zima.

Mama alimpigia simu mkuu wa chuo. Hakupewa matusi wala kucheleweshwa: kitanda kina mtu, mama, na umri hauna rafiki serikalini. Binti akajaribu kufungua darasa barazani. Wakaja watoto wanne, wakauliza kimono iko wapi, wakaambiwa imerudishwa Japani, nao hawakurudi tena. Akaenda hoteli moja hadi nyingine. Walimsifu, wakamwambia Mjapani wa mwisho alilala pale enzi za meneja aliyepita.

Sasa anakunja mashuka pamoja na mama yake. Anakunja vizuri, pembe kwa pembe. Msimamizi humkaripia kwa makosa ya wengine, naye husema samahani, akainama. Mama yake humsubiri aseme "si mimi." Amechoka kusubiri, lakini mtu ataacha kusubiri vipi mtoto wake?

Wewe mzazi unayesoma, na mwanao anasoma Kijapani au lugha nyingine yoyote ya watu wa mbali, epuka haya:

Usimfanye mtoto kuwa mkalimani wa shauri lake mwenyewe. Tafuta mtu mwingine, hata kama ni wa kumlipa nauli.

Usiondoke na kisanduku mahali ulipokwenda kutafuta neno.

Usihesabu machozi ya mtu kuwa jibu.

Usimruhusu kufanya kazi ya ahadi isiyo na mwenyewe.

Usiache kuuliza mara ya pili picha zimekwenda wapi.

Usirudishe sanduku uvunguni siku ya mwisho.

Usimlaumu mwalimu aliyetoka mbali. Hakuulizwa.

Usimpige mtoto. Haisaidii kitu.