Nyumba ya St Marys

Mirindi alimvunja mkewe taya kwa mchi, mbele ya binti yao Ketsia, kwa sababu tu Chibalonza alichelewa kurudi kutoka kazini kwake, alikokuwa akitunza wazee. Kutoka hospitali, mama na mtoto walipelekwa kwenye hifadhi ya wanawake, na mahakama ikamkataza Mirindi kuwakaribia.

Hapo hifadhini waliangaliwa na Elvire, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania kabla ya kuja huku ughaibuni. Alimweleza Chibalonza kwamba hifadhi ni ya muda tu, na foleni ya nyumba za serikali ni ya miaka. Lakini aliyekimbia kipigo akipata nyumba ya kupanga, serikali humlipia sehemu ya kodi mpaka asimame mwenyewe, na humkopesha amana ya kumpa mwenye nyumba. Kuitafuta nyumba ni juu yake.

Chibalonza akaitafuta. Mawakala wa nyumba waliliona taya lake lililofungwa nyaya, wakasikia anaishi hifadhini, wakawapangisha wengine. Hatimaye mmoja wa mtaa wa St Marys alikubali. Kwa furaha, Chibalonza alimwambia rafiki yake wa kanisani, Cécile. Cécile akamwambia mumewe, naye mume akamwambia Mirindi.

Siku Chibalonza na Ketsia walipokwenda kukabidhiwa funguo na wakala, Mirindi alitokea nyuma ya uzio akiwa na nyundo. Pigo la kwanza lilimpata Chibalonza begani, mfupa ukavunjika. La pili lilipasua kioo cha mlango. Akamkamata nywele, akamburuta juu ya vile vioo.

"Mimi niko mzima, na wewe unakodi nyumba?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

Ketsia alimrukia baba yake mgongoni, akamng'ata sikio. Mirindi akamtupa ukutani. Chibalonza alipomwona mtoto kaanguka, hatikisiki, hofu yote ikamtoka. Aliokota kipande cha kioo kilichomkata na yeye kiganja, akamchoma mumewe pajani, akachoma tena, mpaka nyundo ikaanguka. Wakala, aliyekuwa amejifungia garini, alikuwa ameshaita polisi.

Ketsia alizinduka ndani ya gari la wagonjwa, akamwita mama yake. Mirindi alitibiwa chini ya ulinzi, kisha akafungwa.

Elvire alikuja hospitali na habari kwamba nyumba bado ilikuwa yao. Chibalonza akatikisa kichwa. Ndugu za Mirindi walishaijua.

"Mle sitapata usingizi, dada," alisema. "Na msaada nao nimeupoteza?"

"Hapana, Mama Ketsia. Msaada ulipewa wewe, haukupewa ile nyumba. Tutatafuta nyingine."

Walirudi hifadhini, mkono wa mama ukiwa umefungwa kifuani. Ilichukua muda mrefu, na mawakala walimkataa tena, mpaka akapata vyumba viwili katika mtaa mwingine, Macquarie Fields. Alihamia huko bila kumuaga mtu.

Cécile alipiga simu mara nyingi, akilia, akiomba msamaha. Chibalonza alimsamehe. Lakini anapoishi hakumwambia.